Sarafu ya Dhahabu Iliyokonda

Mwaka 1257 mfalme Henry wa 3 wa Uingereza alitoa sarafu ya dhahabu, moja kwa peni 20 za fedha. Wafanyabiashara wa London wakalalamika, na mimi nawaelewa: mtu anayenunua mkate kwa robo ya peni angefanya nayo nini? Tena dhahabu yenyewe ilizidi bei iliyotangazwa, basi watu wakaziyeyusha. Leo zimebaki za kuhesabu kwa vidole.

Edward wa 3 akajaribu tena 1344. Ya kwanza ilikwama baada ya miezi michache, ndipo ikaja nobo, peni 80. Mfalme kasimama ndani ya meli, ana upanga na ngao yenye alama za Uingereza na Ufaransa, maana alidai Ufaransa nayo ni yake. Fundi aliweka kipande cha dhahabu katikati ya vyuma viwili vilivyochongwa, akagonga nyundo, pa! Duara halikutoka sawasawa, na hapo wezi wakapata nafasi ya kukata kingo kwa mkasi.

Ila mkataji mkubwa alikaa ikulu. Nobo ya 1344 ilikuwa karibu gramu 9. Mwaka 1351 ikawa 7.8, mwaka 1412 ikawa 7 hivi. Bei ni ile ile, picha ni ile ile. Sisi tunaopimiwa unga kwa kopo tunajua hiyo. Wafanyabiashara nao wakatembea na mizani ndogo, pamoja na vipande vya shaba vyenye uzito wa nobo halali.