Mbegu ya Saratani na Udongo Wake

Shangazi yangu wa Vudee, huko juu milimani Same, alikaa na uvimbe kwenye titi miezi minane bila kumwambia mtu. Hauumi, alisema, nihangaike nini? Tulipomfikisha KCMC, Moshi, daktari alimpapasa kwapani, kisha akamwuliza kama mgongo unamuuma. Shangazi akashangaa: ugonjwa uko kifuani, mgongo umeingiaje?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kuwa ugonjwa hausambai ovyo. Ini lilishambuliwa mara nyingi, wengu mara chache. Akasema saratani ni kama mbegu, huota pale udongo unapoikubali. Sisi Wapare hatuhitaji ufafanuzi. Tangawizi ya Mamba Miamba ukiishusha tambarare, kwenye mikonge, utavuna vumbi.

Wakati huo huo, huko Marekani, William Halsted aliamini kuwa saratani hutambaa hatua kwa hatua. Basi alikata titi zima, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Wanawake wengi walibaki na mkono uliovimba maisha yao yote. Njia hiyo ilitawala miongo mingi, hadi majaribio ya Bernard Fisher yalipoonyesha kuwa ukataji ule mkubwa haukuwaongezea wagonjwa maisha. Kumbe baadhi ya seli hubadilika, gundi inayozishikamanisha hulegea, zikaingia kwenye limfu na damu kabla kisu hakijafika. Nyingi hufia njiani. Chache hupata udongo kwenye mifupa, mapafu au ini, na nyingine husinzia miaka kadhaa ndipo ziamke.

Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa inayozunguka mwili mzima. Mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe ulivyonywea baada ya kuondoa ovari. Siku hizi kuna kidonge cha tamoksifeni, ambacho huziba mlango wa homoni kwenye seli. Ila si kila saratani ina mlango huo, kwa hiyo lazima kinyama kikatwe na kupimwa maabara. Wanaosema kukipima ni kupoteza muda wananiudhi sana.

Cha shangazi kilipimwa, na mlango upo. Jumatatu tunarudi Moshi. Amekwisha kutuonya kuwa kwenye basi atakaa dirishani.