Kinara cha Pasaka cha Yubilei Yetu



Katika siku hizi za yubilei wengi wenu mmetuuliza juu ya kinara cha Pasaka kinachosimama karibu na altare, chenye nguzo iliyosokotwa kama kamba. Mmeuliza kimenunuliwa mji gani. Hakikununuliwa. Kimefanywa hapa hapa, katika nyumba ya kazi iliyo nyuma ya kanisa. Tumeona vema kuandika habari zake, kwa maana tulikosea kwanza, na kosa hilo lilitufundisha.

Tuanze na zamani. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganika, mikononi mwa Mbelgiji Émile Storms. Mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, ambayo leo twaiita Kirungu, upande wa Moba. Katika misioni hizo vijana, na kati yao watoto waliokombolewa utumwani, walifundishwa kujenga na kuseremala. Lakini tusidhani kwamba babu zetu hawakuujua mti. Watabwa walikuwa wachongaji hodari. Kwa tezo na kisu walitoa viti, fimbo za wakubwa na sanamu.

Kazi hizo mbili zina tofauti. Mchongaji huutuliza mti, nacho chuma hutembea. Kwenye kerezo, yaani mashini ya kuzungusha mti, mti ndio unaokimbia, nayo patasi hukaa juu ya tegemeo lake. Kerezo letu huendeshwa kwa mguu. Vyombo vingi vya nyumba ya kazi vilipotea katika vita vilivyoanza mwaka 1998. Kerezo lilibaki kwa sababu ya uzito wake.

Tulipojitayarisha kwa yubilei, tulitazama picha ya Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma. Juu ya altare kuu zasimama nguzo nne za shaba nyeusi, zilizosokotwa, kazi ya Bernini kati ya mwaka 1624 na 1633. Alifuata mfano wa nguzo za mawe zilizokuwa katika basilika ya kale ya Kaisari Konstantino, ambazo Wakristu wa zamani waliamini kwamba zilitoka katika Hekalu la Sulemani. Tukasema: nasi tusokote mti. Hakuna kati yetu aliyekuwa amejaribu.

Mashirika yalitoa vipande viwili vya mulombwa, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Vilikuwa viwili tu vilivyokauka vema, na vingine havingepatikana kabla ya sikukuu.

Sisi, kwa kuwa tulisoma kidogo hesabu za mviringo katika seminari ndogo, tulichora mistari. Nguzo ilikuwa na urefu wa sentimita 96 na unene wa sentimita 8. Tukapiga mistari minne toka chini hata juu, tukagawa urefu kwa sentimita 4, kisha tukaunganisha alama: kila mstari tukipanda sentimita 4, hata baada ya sentimita 16 mzunguko ukatimia. Mizunguko sita. Karatasini kila kitu kilikuwa sawa, nasi tukajivuna.

Kisha tukawaambia vijana waliendeshe kerezo na kuufuata mstari kwa patasi. Mti ulipokimbia, mistari yote ikapotea machoni. Patasi ikakata pete badala ya kamba, ikanasa, na nguzo ikapasuka. Nusu ya sadaka ya Wakristu ilikuwa chini, miguuni petu. Kosa halikuwa la vijana. Lilikuwa la aliyewaagiza.

Ndipo tukaenda kumwita mzee fundi, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri. Alikigusa kipande kilichopasuka, akasema: “Mwalimu, nanyi wanangu, kerezo linajua mviringo tu. Mkiliomba neno jingine, litawavunjia mti. Lisimamisheni.”

Tukafanya hivyo kwa kipande cha pili. Kerezo lilikizungusha mpaka kikawa laini na sawa, likaacha kazi, likabaki kuushika mti tu. Kijana mmoja aliuzungusha polepole kwa mkono, mwenzake akaufuata mstari kwa msumeno, uliofungwa kitambaa kuonyesha kina cha milimita 15, asipite hapo. Baadaye wakapanua mkato kwa patasi ya mviringo na tupa, wakifuata nyuzi za mti. Ukikata kinyume cha nyuzi, chuma hung'oa vibanzi. Mwisho ukaja msasa. Kazi hiyo ilichukua wiki mbili. Mzee aliketi karibu, akipitisha kidole ndani ya mfereji na kusema: hapa bado, hapa yatosha.

Basi, mashini ilitufikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki ilikuwa kazi ya babu zetu: mti umetulia, mkono watembea. Tulikuwa tumeihesabu kazi hiyo kuwa ya zamani, hata tukasahau kumwita mwenye kuijua.

Ndugu wapenzi, mzee yungali nasi, lakini macho yake yanazidi kupungua. Wazazi, tumeni vijana wenu katika nyumba ya kazi angali anaweza kuwafundisha. Nguzo iliyopasuka tumeitundika mlangoni pake, wapate kuiona wanapoingia. Nayo ile nzima itabeba mwanga wa Kristu Mfufuka kila Usiku Mtakatifu.