Sindano Ziwani: Kutoka Malale hadi Unene

Kabla ya sindano vilikuja vidole. Kati ya mwaka 1907 na Vita Kuu ya Kwanza, wasaidizi wa Kiafrika waliofunzwa na madaktari wa Kijerumani walipita vijiji vya upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika wakipapasa shingo za watu. Walikuwa wakitafuta tezi zilizovimba nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, dalili ya mapema ya malale. Aliyekutwa nazo alidungwa kwenye tezi yenyewe, maji kidogo yakafyonzwa na kuwekwa chini ya hadubini. Kikionekana kijidudu kikijinyonganyonga, mtu huyo alitakiwa kwenda kambini kuchomwa Atoxyl.

Kwa watu wengi wa ufuko huu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiona sindano. Naisimulia habari hiyo leo kwa sababu sindano nyingine imeingia mazungumzoni: ile ya kupunguza unene. Simu zimejaa matangazo yake. Anayeiulizia huuliza bei na kilo zitakazopungua. Ni wachache wanaouliza kipimo kinapangwaje, nani anakipanga, na nani atamfuatilia mtumiaji baada ya hapo. Maswali hayo watu wa Maziwa Makuu walikwisha kuyalipia, wengine kwa macho yao.

Malale hayakuja Ujiji kwa bahati mbaya. Ujiji ilikuwa soko na bandari, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mitumbwi yake ilivuka kwenda Manyema na Uvira ikirudi na pembe za ndovu, watumwa na mawese. Ugonjwa ulipoenea upande wa Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, wavuvi, wapagazi na wafanyabiashara walikuwa wakivuka maji kila siku. Ndorobo, nzi anayeueneza ugonjwa huo, wa aina inayopenda kingo za maji, alikuwa amekwisha jaa kwenye vichaka vya ufukoni, pale pale watu wanapoteka maji, wanapofua na wanapoegesha mitumbwi. Mgonjwa alianza kwa homa na kuumwa kichwa. Baadaye alibadilika tabia, akasinzia mchana na kukesha usiku, akakonda hadi mifupa kuhesabika, akafa.

Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch, bingwa aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, ambako malale yalikuwa yameua watu wengi mno. Mkononi alikuwa na Atoxyl, dawa iliyotengenezwa kwa arseniki, ambayo watafiti wa Liverpool walionyesha mwaka 1905 kwamba inaua vimelea vya jamii ya malale katika wanyama. Koch aliwachoma wagonjwa nusu gramu siku mbili mfululizo, kisha akarudia baada ya siku kama kumi. Matokeo ya mwanzo yalimtia moyo: vimelea vilitoweka kwenye damu na waliokuwa hoi waliinuka. Lakini vilirudi. Akapandisha kipimo hadi gramu nzima, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, wala macho yao hayakurudi tena.

Nusu gramu ilikuwa nusu gramu, kwa pande la mtu na kwa aliyebaki ngozi na mifupa. Kiasi kilipandishwa kwa sababu mganga alikuwa na haraka ya kuushinda ugonjwa, na mwili uliobeba dawa hiyo haukuulizwa kitu. Koch alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1907 akiwa amependekeza kambi za kuwatenga wagonjwa, kufyeka vichaka vya ufukoni, hata kuwaangamiza mamba kwa kuwa aliamini ndorobo hula damu yao. Mpango huo ndio ulioletwa Ziwa Tanganyika, kuanzia upande wa Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, kushuka kusini hadi Ujiji.

Watu waliupokea kwa namna zao. Wapo waliokwenda kambini kwa hiari, kwa sababu walimwona jirani akipata nafuu. Wapo waliojificha wapapasaji walipotajwa, na wapo waliopanda mitumbwi usiku wakavuka kwenda Kongo. Sindano iliuma, ilirudiwa kwa miezi, na aliyekaa kambini shamba lake liliota magugu. Nyaraka za ukoloni ziliwaita waliojificha na waliovuka wakaidi. Mimi nawaona kama watu waliopima faida na hasara kwa taarifa walizokuwa nazo, na mojawapo ya taarifa hizo ilikuwa habari ya waliopofuka.

Waingereza walipochukua nchi, njia ilibadilika lakini amri ilibaki. Aina nyingine ya malale, inayokwenda kwa kasi zaidi na kubebwa na ndorobo wa miombo, ilizuka bara. Daktari George Maclean alisimamia uhamishaji wa watu waliotawanyika porini kwenda kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, na Uha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, ikawa miongoni mwa sehemu zilizoguswa katika miaka ya 1930. Vijiji vilihama na makaburi ya wazee na miti ya matunda ikabaki nyuma.

Iliyoipatia sindano sifa njema ni buba. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Tanganyika walianza kutibu vidonda vya buba kwa sindano za bismathi na za arseniki iliyoboreshwa, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini. Mtoto aliyekuwa na vidonda vinavyonuka alipona mbele ya macho ya kijiji kizima. Nchi ambayo tayari ilijua chale, dawa kuingizwa mwilini kupitia ngozi, haikuhitaji kushawishiwa zaidi. Tangu hapo ikawa desturi: mgonjwa akirudi kutoka zahanati na vidonge vitupu, nyumbani huulizwa kwa nini hawakumchoma. Imani hiyo tunayo hadi leo, na ndiyo inayoisafishia njia sindano ya unene.

Mizani na sindano vilikutana kwenye malale yenyewe. Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Ernst Friedheim, alitangaza melarsoprol, dawa nyingine ya arseniki, kwa ajili ya malale yaliyofika kwenye ubongo. Ilichomwa kwenye mshipa, polepole, kwa kiasi kilichohesabiwa kwa kila kilo ya mgonjwa. Bomba lilitakiwa kuwa la kioo, kwa maana kimiminika kilichobeba dawa hiyo kiliweza kula plastiki. Ikivuja nje ya mshipa, mkono ulivimba na kuungua. Hata kwa uangalifu wote huo, takriban mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Katika mkoa wa Kigoma, ambako wagonjwa wa malale waliendelea kupatikana Kibondo, Kasulu na Uvinza hadi karne hii, madaktari waliitumia kwa sababu hawakuwa na nyingine. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fexinidazole, ambayo ni vidonge, hata kwa aina hiyo kali ya Afrika Mashariki. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, malale yanaagana na sindano wakati unene unaikaribisha.

Unene wenyewe una historia fupi hapa. Kigoma ni mkoa ambao mizani yake ilitafuta waliopungua. Kliniki ya mtoto, kadi yenye mistari ya rangi, utepe wa kupima mkono katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu iliyofunguliwa 1996: vyote vilikuwa vya kuwatafuta waliokonda. Mwaka 2018 zaidi ya watoto 40 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humu walikuwa wamedumaa. Na kukonda kulikuwa na tafsiri yake mitaani tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia kupitia Kagera. Mtu akipungua kilo kumi kwa mkupuo, majirani wa Mwanga mjini Kigoma au wa Ujiji hawampongezi, wananong'ona. Daktari yeyote anayempangia mtu dawa ya kupungua huku lazima aliweke hilo mezani.

Hata hivyo nchi imebadilika. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania ulioonyesha kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikikuta kwa takriban watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Uchunguzi wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya wanawake watu wazima nchini wana uzito uliozidi au unene. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu kutoka Ujiji hadi mjini, soda na chipsi zimeingia mahali pa muhogo na migebuka, na mafuta yanamiminwa bila kipimo. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina takriban kalori 120. Mawese ni urithi wa Kigoma na siwezi kuyasema vibaya, lakini mwili unayahesabu hata tusipoyahesabu sisi.

Sindano ya unene ilizaliwa kwenye kisukari. Januari 1922 huko Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki na takriban kilo 29, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini. Ilimrudishia mwili. Miaka 70 baadaye, mwaka 1992, mtafiti wa Marekani John Eng alitangaza kemikali aliyoipata katika sumu ya mate ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila, inayofanana na homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumeshiba. Kutoka hapo ikatoka exenatide, iliyoidhinishwa Marekani 2005 kwa kisukari, kisha liraglutide, kisha semaglutide. Wagonjwa wa kisukari wakaanza kupungua uzito. Mwaka 2021 semaglutide ya kipimo kikubwa, kwa jina la Wegovy, iliidhinishwa huko kwa ajili ya unene. Katika jaribio lililohusisha watu 1,961, waliochomwa kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, wakati waliochomwa maji matupu walipungua asilimia 2.4. Makundi yote mawili yalipewa ushauri wa chakula na mazoezi.

Sasa tazama inavyochomwa. Mtu haanzi na kipimo kamili. Anaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, anakaa hapo wiki nne, kisha 0.5, kisha 1, kisha 1.7, ndipo 2.4. Ni miezi minne ya kupanda ngazi, kwa sababu tumbo linalokimbizwa hutapika na kuhara. Anayeshindwa ngazi moja hubaki chini yake, na kama amepata nafuu pale, hapo panamtosha. Gramu nzima ya Koch ilikosa subira hiyo.

Kupanga dawa kulingana na mtu kunakwenda mbali zaidi ya miligramu. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenclamide, sukari yake inaweza kushuka ghafla akiongezewa sindano hii, hivyo dawa ya zamani hupunguzwa kwanza. Mama anayetarajia kushika mimba haanzishwi. Mwenye saratani ya aina fulani ya tezi ya shingo katika ukoo wake haruhusiwi. Mwislamu wa Ujiji anayefunga Ramadhani anahitaji kujadili daku na maji kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa humwondolea hamu ya kula hata wakati wa futari. Na kwa kuwa kilo zinazopotea ni za mafuta na za misuli pia, anayekula kidogo lazima hicho kidogo kiwe na protini. Hapa Kigoma imebarikiwa kuliko miji mingi: dagaa wanaoanikwa mchangani Katonga na Kibirizi wana protini nyingi.

Dawa yenyewe inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, kabla ya kalamu kufunguliwa. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na vijiji vingi vya ufukoni hufikiwa kwa boti. Kalamu iliyosafiri siku mbili ndani ya mkoba juani haina anayeweza kuithibitisha kwa macho. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani, nchi zenye ukaguzi mkali. Anayeagiza kupitia simu bila cheti cha daktari, na bila kujua kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hana hakika ya kilichomo kwenye bomba.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na unene na maradhi ya moyo au figo. Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene kwa muda mrefu, likisisitiza ziambatane na msaada wa karibu katika chakula na mwendo. Sababu inajulikana: walioacha semaglutide walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayefikiria kuanza aulize, kabla ya bei ya kalamu ya kwanza, bei ya mwaka wa pili, na jina la daktari au afisa lishe atakayempima kila mwezi katika mwaka huo.