Tumbawe la Malindi na tope la Mto Sabaki
Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, humwaga tope lake baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Kumbukumbu ndefu ya tope hilo imo ndani ya matumbawe. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, na ndani ya tabaka hubaki bariumu, madini yaletwayo na udongo wa mtoni.

Mwaka 2007, Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Bariumu ilitulia kwa karne mbili, ikapanda mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wa Kiingereza walipoanza kulima huko bara. Bila tumbawe hilo, mtu angedhani Sabaki ulikuwa mwekundu vile tangu zamani.