Mekatilili hakufungwa

Majuzi nilikuwa Marereni, nimealikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu Vita vya Wagiriama. Kijana mmoja akainua mkono: "Profesa, Mekatilili alifungwa kwa kosa gani?" Nilifungua kinywa kujibu, nikakwama. Taabu ilikuwa kwenye kitenzi chake, ambacho hata vitabu vyetu hukitumia.

Kufungwa hufuata hukumu. Mfungwa amesomewa shtaka, akajitetea, hakimu akamtia hatiani. Mahabusu angali anangoja kesi. Aliye kizuizini ni mwingine kabisa: ameshikwa kwa amri ya mkubwa, na huenda hakimu asimwone kamwe.

Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa Oktoba 1913, baada ya kuwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza vibarua. Walipelekwa Kisii kwa amri ya serikali. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Agosti, Vita Vikuu vikianza Ulaya, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Ilikuwa pia ikiwashurutisha Wagiriama wahame kaskazini ya mto Sabaki, yaani upande huu huu wa Marereni. Wawili hao wakashikwa tena.

Je, wangeweza kumwomba jaji achunguze kama aliyetoa amri alikuwa na mamlaka hayo? Mapitio ya aina hiyo yalikuwepo katika sheria ya Kiingereza. Sekgome, mfalme wa Batawana aliyezuiliwa Bechuanaland (Botswana ya leo), aliyaomba London. Mwaka 1910 akashindwa: katika himaya, tangazo la mwakilishi wa Mfalme lilitosha kumzuilia mtu. Kisha 1913, mwaka ule ule wa Mekatilili, Wamaasai walishtaki kwa kuhamishwa Laikipia. Mahakama ikasema wao si raia wa Uingereza bali wageni wenye mikataba nayo, kwa hiyo haiwezi kuingilia. Ati ni wageni, lakini kodi walitozwa! Basi hata wakili hodari angemfaa nini mama yule wa Kigiriama?

Ukitoka Marereni ukapanda Tana utafika Hola. Watu 11 waliopigwa hadi kufa kambini humo Machi 3, 1959 walikuwa wa kizuizini, ingawa wengi wetu huwaita wafungwa.

Leo Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinakataza kabisa kupunguza haki ya aliyeshikwa kuomba afikishwe mbele ya jaji. Hata wakati wa vita haiguswi.

Kwa hiyo napendelea tuandike kwamba Mekatilili alizuiliwa na kuhamishwa bila kesi. Tukisema alifungwa, tunawapa Waingereza mahakama ambayo hawakuiketisha. Kijana wangu hakuridhika. Alitaka kujua kama familia ililipwa chochote, na hilo lilituchukua hadi kengele ya chakula.