Fuwele

Mwadui, alikogundua almasi Dakta John Williamson mwaka 1940, neno "fuwele" lina haki ya kutamkwa kila siku. Almasi ni fuwele. Kwatzi, jiwe jeupe linalosagwa pamoja na dhahabu huko Geita, nalo ni fuwele. Kipande chake kikipitishiwa umeme hutikisika kwa mwendo usioyumba. Mtikisiko huo ndio saa ya muziki wa kidijitali: CD hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, na mapigo yakiyumba sauti huchafuka. Wenye mitambo ghali ya muziki huongeza saa ya nje, mitikisiko milioni 10 kwa sekunde. Mimi ningetanguliza fuwele bora ndani ya mtambo, jirani na kigeuzi kinachofanya namba kuwa sauti. Fundi akisema "kristali" ataeleweka, lakini neno "fuwele" limo kamusini, alitumie.