Nani ataingia, na zamu gani? Haki katika mashindano ya kulenga shabaha

Katika mchezo wa kulenga shabaha, tofauti kati ya mshindi na anayeondoka mikono mitupu huweza kuwa sehemu ya kumi ya alama moja. Ndiyo maana ushindani huanza kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa. Huanza pale inapoamuliwa nani atashiriki, na atafyatua katika zamu au kundi gani. Makala haya yanaeleza jinsi maamuzi hayo mawili yanavyofikiwa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, na kwa nini moja huzua malalamiko kuliko jingine.

Kupanga zamu na makundi

Kanuni ya msingi ni kwamba washindani wote wafyatue katika mazingira yanayolingana kadiri iwezekanavyo. Ukumbi unapokosa nafasi ya kuwatosha wote kwa pamoja, hugawanywa kwa zamu. Zamu na vituo vya kufyatulia hupangwa kwa kura, wala si kwa cheo, umaarufu au urafiki na waandaaji. Walengaji wa nchi moja husambazwa katika zamu mbalimbali, na kadiri inavyowezekana hawawekwi ubavu kwa ubavu. Hivyo hakuna taifa linalojipatia peke yake asubuhi tulivu na kuwaachia wengine upepo wa mchana.

Katika mchezo wa trapu, ambamo visahani vya udongo hurushwa hewani na kupigwa kwa bunduki ya marisau, washindani hupangwa katika makundi ya watu 6. Mlengaji hurushiwa visahani 125 katika hatua ya mchujo, ambayo kwa kawaida huchukua siku mbili. Mwanga na upepo hubadilika mara nyingi katika muda huo, na kura huhakikisha kwamba asiyebahatika hakupangiwa bahati yake na mtu.

Mashindano ya bunduki ya mita 50, yanayofanyika katika uwanja wa wazi, hutumia pia hesabu. Tuseme wameingia watu 100 na vituo ni 60. Zamu ya kwanza ina watu 60, ya pili 40. Laiti wangechukuliwa 60 bora kwa jumla, zamu iliyokumbwa na upepo mkali ingefutika. Badala yake, kila zamu hutoa idadi inayolingana na ukubwa wake: 36 kutoka ya kwanza, 24 kutoka ya pili. Kila mmoja hupimwa na wale aliovumilia nao upepo uleule.

Kugawa nafasi za kushiriki

Kura haiwezi kumsaidia asiyekuwamo kwenye orodha. Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ambayo mashindano yake ya shabaha yalifanyika Châteauroux, ilitenga nafasi 340 kwa dunia nzima: 170 za wanaume na 170 za wanawake. Kila nchi iliruhusiwa walengaji wasiozidi wawili katika shindano moja la mtu binafsi. Kikomo hicho humwacha nyumbani mlengaji wa tatu wa nchi yenye vipaji vingi, hata akiwa bora kuliko wengi walioingia. Bila kikomo, hata hivyo, nchi chache zingejaza mstari wote.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba nafasi inayopatikana katika mashindano ya kufuzu ni mali ya taifa, si ya mchezaji. Kamati ya Olimpiki ya nchi husika ndiyo inayomteua wa kuitumia.

India, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, inatoa mfano ulio wazi. Mwezi Oktoba mwaka 2022, mjini Cairo, Rudrankksh Patil alitwaa ubingwa wa dunia wa bunduki ya upepo ya mita 10 na kuipatia nchi yake nafasi ya kwenda Paris. Mwaka 2024 India iliandaa majaribio ya kuteua timu, na Patil akashindwa. Waliokwenda ni Arjun Babuta, aliyemaliza wa 4, na Sandeep Singh, ambaye hakuwa ameipatia nchi nafasi yoyote.

Je, alidhulumiwa? Wanaomtetea husema aliyelima ndiye anayestahili kuvuna. Wanaotetea majaribio hujibu kwamba kati ya Cairo na Paris ilipita miezi 21, na taifa humpeleka aliye bora leo, si aliyekuwa bora juzi. Hoja zote mbili zina uzito. Kinachotenganisha haki na upendeleo ni kama kanuni ilijulikana kabla ya mashindano, na kama alama zilipigwa mbele ya wote.

Hali ya Afrika Mashariki

Kwa nchi zetu mlango ni mwembamba zaidi. Kulenga shabaha kulikuwamo katika kila Michezo ya Jumuiya ya Madola kuanzia mwaka 1974 hadi 2018. Kuliondolewa Birmingham mwaka 2022, na hakumo katika michezo 10 ya Glasgow mwaka 2026. Kwa walengaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, hiyo ni njia moja iliyofungwa.

Olimpiki hutenga nafasi chache za mwaliko kwa nchi zenye wanamichezo wachache. Lakini mwalikwa lazima awe amefikia kiwango cha chini cha alama katika mashindano yanayotambuliwa na ISSF. Kufika huko kunahitaji nauli, risasi, vibali vya kusafirisha silaha, na uwanja wa kufanyia mazoezi. Kwa maskini, mwaliko ni chakula kilichowekwa juu ya dari pasipo ngazi.

Mlengaji au klabu inayotaka kujua kama imetendewa haki inaweza kuanza na maswali manne. Kanuni za uteuzi ziliandikwa na kutangazwa lini? Nani aliyesimamia kura ya zamu? Je, alama za kila jaribio zimebandikwa hadharani? Na rufaa hupelekwa kwa nani, ndani ya muda gani? Shirikisho lisiloweza kujibu hata moja kati ya hayo haliwezi kujitetea kwa kusema kwamba lilipiga kura.